Kitabu Kwenye Lundo la Kuni: Ukoo wa Ballou na Kanisa Lililoanzia Vilimani

Kijana ameketi na kitabu. Baba yake, mzee Maturin Ballou, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti, anapita na kumuuliza anasoma nini. Ni kitabu cha Wauniversalisti, anajibu. Mzee anakunja uso: kitabu cha namna hiyo hakitakaa ndani ya nyumba hii. Kijana habishi. Anatoka nje, anahakikisha baba anamwona, anakisokomeza kitabu kwenye lundo la kuni, anaenda zake. Mzee, kama mzazi yeyote aliyemwona mtoto akificha kitu, anangoja kidogo kisha anakwenda kupekua. Mkono unatoka na Biblia.

Hadithi hii imepokezanwa katika ukoo wa Ballou na katika kanisa lao kizazi baada ya kizazi, na imekaa vizuri mno hata msikilizaji anaanza kuishuku. Mimi sigombani nayo. Hata kama imepigwa msasa kwa kusimuliwa, imeshika jambo ambalo wanahistoria wengi wa kanisa hulipita mbio: vita vya imani katika vilima vya New Hampshire mwishoni mwa karne ya 18 vilipiganwa ndani ya nyumba moja, kati ya watu waliokula chungu kimoja, na kwa kitabu kimoja.

Kijana huyo ni Hosea Ballou, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1771 huko Richmond, mji mdogo kwenye kona ya kusini-magharibi ya New Hampshire, karibu kabisa na mpaka wa Massachusetts. Wauniversalisti ni Wakristo walioamini kwamba mwisho wa yote Mungu atawaokoa wanadamu wote, na kwamba hakuna atakayeachwa jehanamu milele. Fikra yenyewe ni ya kale, Origen aliifundisha Aleksandria, Misri, katika karne ya 3. Lakini wakulima wa Richmond hawakuipata kwa Origen. Hapo ndipo penye swali la kisa hiki: watu wasio na maktaba, wasio na chuo cha uchungaji, wasio hata na karatasi ya kuandikia, waliifikiaje wenyewe, na ikawaje wakaishia kuwa kanisa?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni la mazingira. Husemwa kwamba msitu mpana na ardhi mpya viliwafanya walowezi wajione huru, na mtu aliyejikatia shamba kwa shoka lake hakubali tena kuambiwa kwamba amehukumiwa kabla ya kuzaliwa. Ni jibu tamu, ila halisimami. Msitu huo huo, kwa miaka hiyo hiyo, ulijaa wahubiri wa moto wa milele, nao ndio waliokuwa wengi. Tukitaka kuelewa Richmond inabidi tuache msitu kwanza, tuingie nyumbani.

Watu wa Rhode Island

Ukoo wa Ballou haukuanzia New Hampshire. Babu yao wa kwanza katika Marekani, naye akiitwa Maturin, aliishi Providence katika karne ya 17, kwenye koloni la Rhode Island ambalo Roger Williams alilianzisha mwaka 1636 baada ya kufukuzwa Massachusetts kwa sababu ya maoni yake ya dini. Rhode Island ilikuwa na jambo moja ambalo majirani zake waliliona ni uhuni: hapakuwa na kanisa la serikali, na hakuna mtu aliyetozwa kodi ya kumlipa mchungaji. Mbaptisti, Mkwekeri, hata asiye na dhehebu, kila mmoja aliachwa na lake. Watoto wa Ballou walikulia katika hewa hiyo kwa vizazi kadhaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1760 Maturin wa kisa hiki alihamia Richmond na mkewe Lydia Harris na watoto. Richmond ulikuwa mji wa wahamiaji, na wengi wao walitoka Rhode Island vilevile, Wabaptisti na Wakwekeri. Kwa hiyo tusiwafikirie kama watu waliotupwa porini peke yao. Walihama na majirani zao, na ndugu zao, na mabishano yao ya kanisani. Walichokiacha nyuma ni sheria za Rhode Island, maana New Hampshire ilikuwa na sheria nyingine, nayo tutaikuta mbele.

Maturin alikuwa mhubiri asiyepokea mshahara. Haikuwa kwamba hakuna aliyetaka kumpa. Wabaptisti wengi wa zamani waliamini kwamba Injili haiuzwi, na yeye alishika neno hilo mpaka mwisho. Jumapili alihubiri, Jumatatu alirudi kwenye mawe na visiki. Ardhi ya pale ni ya vilima na miamba, majira ya baridi ni marefu, na nyumba ilikuwa na watoto 11. Hosea alikuwa kitindamimba. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka 2, kwa hiyo mikono iliyomlea ni ya baba na ya ndugu wakubwa.

Umaskini wa nyumba hiyo haukuwa wa mafumbo. Hosea alijifunza kuandika usiku mbele ya moto, kwa kipande cha mkaa, juu ya magome ya mti wa birch. Gome la mti huo ni jembamba, jeupe, hubanduka kama karatasi, na mkaa hushika juu yake vizuri, ila ukiligusa kwa kiganja maandishi yanafutika. Fikiria kujifunza herufi kwenye kitu ambacho lazima ukishike kwa ncha za vidole. Vitabu vilivyokuwamo ndani vilihesabika kwa mkono mmoja: Biblia, kamusi kuukuu, na kijitabu kilichochakaa cha habari za mnara wa Babeli. Shule ya kweli hakuiona mpaka alipokaribia miaka 20, alipokaa kwa muda mfupi katika shule iliyofunguliwa na Wakwekeri pale Richmond, kisha akaenda Chesterfield Academy, mji wa jirani.

Narudi kwenye vile vitabu vitatu, maana ndivyo vilivyofanya kazi. Mtu mwenye maktaba ya theolojia akikutana na aya ngumu hufungua kitabu cha mwingine kitakachomweleza kwa nini aya hiyo haisemi inachosema. Kijana mwenye Biblia na kamusi hana pa kukimbilia. Neno likisema "wote", anafungua kamusi, na kamusi inamwambia wote ni wote.

Aya yenye "watu wote" mara mbili

Mwanzoni mwa mwaka 1789 uamsho ulipita Richmond. Watu walilia, walitubu, walijiunga, na Hosea, hajafikisha miaka 18, akabatizwa katika kanisa la Kibaptisti ambalo baba yake alikuwa amelichunga. Wabaptisti hao walikuwa Wakalvini. Kwa ufupi walifundisha kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya hao wateule, na kwamba Mungu akikusudia jambo hakuna wa kulizuia.

Hosea hakulikataa fundisho hilo. Alilishika sawasawa, ndipo likamponyoka. Iliyomsumbua zaidi ni Warumi 5:18, inayosema kwamba kwa kosa la mtu mmoja watu wote walihukumiwa, na kwa tendo la haki la mmoja watu wote walihesabiwa haki. Mhubiri wa Kikalvini alikuwa na hakika kabisa kwamba "watu wote" wa kwanza ni kila mwanadamu aliyetoka kwa Adamu. Akifika kwa "watu wote" wa pili anaanza kupunguza: hapa maana yake ni wateule tu. Kijana akauliza vipi neno moja ndani ya sentensi moja libadilike ukubwa kabla ya kufika kituo. Hakujibiwa jibu la kumtosha.

Hapa ndipo nionapo kiini cha kisa, na ndipo pia hadithi ya "uhuru wa msituni" inapoangukia. Uuniversalisti wa Richmond haukuwa uasi dhidi ya Ukalvini. Ulikuwa Ukalvini uliobadilishiwa hesabu. Chukua mafundisho mawili ambayo mzee Maturin aliyahubiri maisha yake yote: kwamba anachokitaka Mungu hutimia, na kwamba mtu haokoki kwa kustahili bali kwa neema. Ongeza ile ya Timotheo kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe. Hesabu imekwisha. Mwana alichofanya ni kujumlisha namba alizopewa na baba.

Mzee aliliona, na halikumpa raha. Siku moja, kwa kumbukumbu za Hosea mwenyewe, mwana alimuuliza baba hivi: kama ningekuwa na uwezo wa kukichukua kitu kisicho na uhai nikakifanya kiumbe hai, huku nikijua tangu mwanzo kwamba kiumbe hicho kitateseka bila mwisho, je, kukiumba kungekuwa tendo la wema? Baba alifadhaika. Hakujibu.

Ukimya huo nauheshimu kuliko majibu mengi niliyoyasoma. Maturin alijulikana kwa upole. Alikuwa amewalea watoto 11 katika shida, kitindamimba akiwa hana mama, na swali liliulizwa kwake si kama mchungaji tu, bali kama mtu aliyeleta watoto duniani. Angejibu ndiyo, angejisema vibaya kama baba. Angejibu hapana, mahubiri yake ya miaka mingi yangekuwa mashakani. Alichoweza ni kunyamaza na kuendelea kumpenda mtoto, jambo ambalo alilifanya. Hakumfukuza nyumbani.

Kutengwa

Kanisa ndilo lililomtenga. Neno hili "kutengwa" wasomaji waliokulia kanisani hawahitaji kufafanuliwa: jina linasomwa mbele ya watu, huruhusiwi mezani pa Bwana, na wanawake waliokubeba utotoni hawajui wakusalimieje njiani. Hosea alitengwa na Wabaptisti wa Richmond, na waliomtenga walikuwa waungwana kiasi cha kuandika ukweli: kwamba hawakuona kosa kwake ila kuamini kwamba Mungu mwishowe atawaokoa watu wote. Ni shtaka la ajabu. Hakulewa, hakuiba, hakuzini. Kosa lake ni kumtumainia Mungu kupita kiwango.

Hakuwa wa kwanza. Miaka kadhaa kabla yake Caleb Rich, mzaliwa wa Sutton huko Massachusetts, alikuwa amehamia Warwick, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Richmond, akapata maono, akaachana na Wabaptisti, akakusanya kikundi cha watu wa Warwick, Richmond na Jaffrey. Rich naye hakuwa msomi. Watu wa Richmond walikuwa wameisikia habari hii kutoka kinywani mwake kabla Hosea hajaota ndevu, na mmoja wa walioikubali mapema ni David, kaka yake Hosea aliyemtangulia kwa miaka mingi. Hosea alipotengwa hakutupwa nje kwenye theluji. Aliingia nyumba ya kaka yake, akakaa naye, akafanya kazi shambani naye, akasoma naye. Kwa hiyo kanisa jipya lilikuwa limekwisha kuwepo. Halikuwa na jengo wala jina la kisheria, lakini lilikuwa na meza na watu wanaokaa pembeni yake.

Ndugu wakaanza kugeuka mmoja baada ya mwingine. Hili huwa halipewi uzito wake. Wamisionari wanaobadilisha miji hutajwa kwa majina, lakini katika vilima hivi habari ilisafiri kama mbegu za kuazimana, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo, kutoka kwa shemeji kwenda kwa jirani. Ukiwa na ndugu 10 waliotawanyika katika miji mbalimbali kutafuta ardhi, tayari una mtandao wa matawi 10.

Mahubiri ya kwanza ya Hosea, vuli ya 1791, yaliharibika. Caleb Rich na David walikuwa wamekaa wanasikiliza, na wote wawili wakaondoka na mashaka kama kijana huyu ana kipaji chochote cha kuhubiri. Napenda sana kwamba jambo hili limehifadhiwa. Wangeweza kulifuta.

Farasi, tandiko na shule ya watoto

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya barabarani. Siku za wiki alifundisha watoto shule ili apate chakula, Jumapili alihubiri popote alipoitwa: ghalani, kwenye darasa, kwenye sebule ya mtu, katika jumba la mkutano la mji kama wazee wa mji walikubali kutoa ufunguo. Mwaka 1794, kwenye mkutano mkuu wa Wauniversalisti huko Oxford, Massachusetts, Elhanan Winchester alikuwa akihubiri na Hosea ameketi naye mimbarani. Winchester alikuwa Mbaptisti wa zamani aliyewahi kuwahubiria watumwa wa South Carolina na kuipinga biashara ya utumwa waziwazi. Katikati ya mahubiri aliichukua Biblia, akaibandika kifuani kwa kijana, akamwagiza mchungaji mwenzake ampe usia wa kazi, yaani amsimike kuwa mchungaji, papo hapo. Hapakuwa na mtihani wala kamati. Hosea hakuwa ameambiwa chochote. Alikuwa na miaka 23.

Mwaka 1796 alimwoa Ruth Washburn, na mwaka 1803 wakahamia Barnard, Vermont, ambako alihudumia vikundi vya Barnard, Woodstock na miji jirani kwa zamu. Mchungaji wa namna hiyo alikuwa na makutaniko mengi na asiwe na mshahara kamili hata mmoja. Kisa kimoja cha njiani huhusishwa naye kila mara. Anasafiri na mhubiri wa Kibaptisti, na Mbaptisti anamwambia kwamba kama yeye angekuwa Muuniversalisti, angempiga rungu la kichwa, amwibie farasi na tandiko, na bado aende mbinguni. Ballou anajibu kwamba kama mwenzake huyo angekuwa Muuniversalisti, wazo hilo lisingemjia.

Watu hucheka na kupita. Lakini jibu hilo ndilo kitabu chake kizima cha mwaka 1805 kuhusu upatanisho, kilichochapwa Randolph, Vermont. Ndani yake Ballou alipindua fundisho la kawaida. Wengine walisema dhambi ya mtu imemkosea Mungu asiye na kikomo, hivyo yenyewe haina kikomo na lazima ilipwe. Yeye akasema mwenye kutenda ni mwanadamu, naye ana kikomo, basi dhambi yake ina kikomo. Mungu hakuwahi kuwa adui anayehitaji kulipwa ndipo apende. Aliyehitaji kupatanishwa ni mtu, ambaye amemwona Baba yake kuwa adui. Ukisoma hoja hiyo huku ukimkumbuka mzee aliyenyamaza kule Richmond, unajua picha ya baba aliipata wapi.

Kodi

Mpaka hapa tuna familia, wahubiri wa farasi, na vikundi vinavyokutana ghalani. Havijawa dhehebu, na huenda visingekuwa, maana watu hawa waliogopa kanuni za imani kama walivyoogopa ndui. Kanuni ndizo zilizowatenga. Kilichowalazimisha kuandika yao ni kodi.

New Hampshire haikuwa Rhode Island. Sheria iliruhusu mji kupiga kura, kuajiri mchungaji, na kuwatoza wakazi kodi ya kumlipa. Kwa kawaida mchungaji huyo alikuwa wa Kikongregesheni, kanisa kongwe la walowezi wa Kiingereza. Ulisamehewa kodi hiyo ukithibitisha kwamba wewe ni wa dhehebu lingine. Lakini dhehebu ni nini? Muda mfupi kabla ya 1803 mkazi wa Claremont, New Hampshire, alikataa kulipa akisema yeye ni Muuniversalisti, na mahakama ikamwambia kwamba Wauniversalisti si dhehebu tofauti na Wakongregesheni mbele ya sheria. Wanatofautiana maoni, basi. Alipe.

Hebu fikiri uchungu wake. Wabaptisti wamekutenga kwa sababu imani yako ni tofauti mno. Mahakama inakutoza kwa sababu imani yako haitofautiani vya kutosha. Massachusetts nako palikuwa na kesi ya namna hiyo, kwenye bandari ya Gloucester, ambako kutaniko la John Murray, mhubiri wa Kiuniversalisti aliyetoka Uingereza, lilipigana na kodi ya parokia na kushinda mwaka 1786. Miongoni mwa waliotia sahihi mapatano ya kutaniko hilo alikuwa Gloster Dalton, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Ila ushindi wa Gloucester haukuvuka mpaka kuingia New Hampshire.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa 1802, uliokutana Strafford, Vermont, ukateua kamati ya kuandika tamko la imani. Hosea Ballou alikuwa mmoja wao. Aliyeandika hasa ni Walter Ferriss wa Charlotte, Vermont, mtu ambaye leo hakuna anayemkumbuka, naye alistahili zaidi. Tamko lilisomwa Septemba 1803 katika mji wa Winchester, New Hampshire. Fungua ramani: Winchester unapakana na Richmond. Kijana aliyetengwa alirudi kutangaza imani yake mlango wa pili.

Vifungu ni vitatu tu. Cha kwanza kinasema Maandiko yana ufunuo wa tabia ya Mungu na hatima ya wanadamu. Cha tatu kinasema utakatifu na furaha ya kweli haviachani, hivyo waumini watende mema. Cha katikati ndicho moyo wake: kuna Mungu mmoja, asili yake ni upendo, ambaye mwishowe atairejesha familia nzima ya wanadamu kwenye utakatifu na furaha. Walisema familia. Wangeweza kusema jamii, au viumbe, au roho zote. Ferriss na wenzake walitoka katika ulimwengu ambamo kanisa na ukoo havikutenganishwa kwa urahisi, na neno walilolifikia kueleza mwisho wa dunia lilikuwa lile la mezani.

Mabishano yalikuwa makali hata hivyo. Mhubiri Noah Murray alisimama kupinga. Leo huyu ni ndama, alisema kwa maana hiyo, pembe zake hazijaonekana. Lakini atakua, pembe zitaota, na ataanza kupiga watu. Mwenzake akajibu kwamba maneno ya ndugu Murray ni sawa kabisa isipokuwa amekosea mnyama: huyu ni njiwa, na njiwa haoti pembe. Mkutano ukapitisha. Ili kuwatuliza wenye hofu wakaongeza kifungu cha uhuru, kwamba kila kutaniko linaweza kuwa na maelezo yake mradi lisipingane na msingi wa tamko. Mwaka 1805 New Hampshire ikawatambua Wauniversalisti kuwa dhehebu. Kodi ya kanisa yenyewe ilifutwa huko mwaka 1819, na Massachusetts ikachelewa mpaka 1833.

Ukoo unavyosambaa

Historia za familia za walowezi huandikwa kwa kawaida kama mto: babu mmoja, imani moja, wajukuu wanatiririka. Ukoo wa Ballou haukutiririka hivyo. Hosea mwenyewe alienda Portsmouth, kisha Salem, na kuanzia mwisho wa 1817 akawa mchungaji wa Wauniversalisti wa School Street, Boston, mpaka alipofariki mwaka 1852. Mjukuu wa kaka yake, Hosea Ballou wa pili, akawa rais wa kwanza wa chuo cha Tufts, kilichoanzishwa na Wauniversalisti mwaka huo huo wa 1852. Kutoka magome ya birch hadi urais wa chuo ni vizazi viwili.

Lakini Adin Ballou, wa tawi la Cumberland huko Rhode Island, aliyejiunga na Wauniversalisti akiwa kijana, alikuja kuachana na Hosea hadharani. Hosea alikuwa amefikia kuamini kwamba hakuna adhabu yoyote baada ya kifo, dhambi inajiadhibu hapa hapa. Adin akaona hilo linaharibu maadili, na mwaka 1831 yeye na wenzake wakajitenga na kuunda chama chao. Baadaye alianzisha kijiji cha Kikristo cha Hopedale, akafundisha kutopinga uovu kwa nguvu, na uzeeni akaandikiana na Tolstoy, mwandishi wa Urusi. Huyu aliyejitenga ndiye pia aliyekusanya nasaba kubwa ya ukoo wote wa Ballou, iliyochapwa mwaka 1888. Alimpa kila mmoja nafasi yake, Hosea akiwemo. Mtu anaweza kukataa theolojia ya ndugu yake na bado akahakikisha tarehe zake za kuzaliwa ziko sahihi.

Na Eliza Ballou, aliyezaliwa Richmond mwaka 1801. Baba alifariki akiwa mdogo, mama akawachukua watoto kuelekea magharibi. Eliza akaolewa Ohio, na mwaka 1831 akajifungua mtoto katika nyumba ya magogo, James Garfield, aliyekuwa rais wa Marekani mwaka 1881. Eliza na mumewe hawakuwa Wauniversalisti. Walijiunga na Wanafunzi wa Kristo, kanisa jingine la mpakani, na Garfield alihubiri humo kabla ya siasa. Damu ile ile, magogo yale yale, kanisa lingine. Kama msitu ungekuwa ndio unaozaa Uuniversalisti, Ohio ilikuwa na msitu wa kutosha. Ambacho huenda Eliza hakuwa nacho kule ni ndugu Muuniversalisti wa kumkaribisha mezani, kama David alivyomkaribisha Hosea.

Kuhusu ndama wa Noah Murray: mwaka 1870 Wauniversalisti walikusanyika Gloucester kuadhimisha miaka 100 tangu John Murray afike Marekani, wakalifanya tamko la Winchester kuwa sharti la ushirika, na kile kifungu cha uhuru wakakiacha nje. Miaka miwili baadaye, huko Minnesota, mchungaji Herman Bisbee, aliyekuwa ameanza kuhubiri kwamba miujiza si msingi wa imani, alishtakiwa mbele ya wenzake kwa mafundisho yake. Wakamtenga.